Faili Lililogoma Kufutika: Mwongozo Kamili wa Kulifuta kwa Amri bila Kupoteza Kazi ya Mtu

Wiki za mwisho kabla ya kukusanya tafiti, foleni za steshenari hapa Nyegezi, Mwanza, hufika barazani. Wanafunzi wanakuja kutoka Malimbe na flashi mikononi, na haipiti saa kabla ya mmoja kusema: "Fundi, kuna faili humu halifutiki." Wiki nyingine anakuja mfanyabiashara wa dagaa kutoka soko la Mwaloni, flashi yake ina hesabu za msimu mzima, ila kila folda imegeuka kuwa shotikati (njia ya mkato, faili la `.lnk`).

Madukani jibu huwa moja: fomati. Kweli fomati inaondoa faili sugu. Inaondoa pia sura nne za utafiti, picha za msiba na madeni ambayo hayajaandikwa popote pengine. Nimeona watu wazima wakikaa kimya kwenye benchi wakiangalia flashi tupu, na ndiyo sababu naandika mwongozo huu. Faili likigoma lina sababu, na sababu zenyewe hazizidi saba au nane. Ukiijua sababu, amri ya kulifuta ni mstari mmoja au miwili.

Sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi tunazokutana nazo. Kuelekea mwisho nitagusa Linux. Katika mifano yote flashi ni `E:` na diski ya kuhifadhia ni `D:`. Kwako herufi zinaweza kuwa nyingine, kwa hiyo zihakikishe kwanza.

Nakili kwanza, hata kama mwenye mali ana haraka

Atakuambia anawahi meli ya Nansio, Ukerewe. Mwambie dakika kumi. Fungua dirisha la amri: bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, kisha Enta. Halafu iite robocopy, programu ya Windows ya kunakili:

`robocopy E:\ D:\akiba\flashi1 /E /R:1 /W:1 /XF *.lnk *.vbs`

`/E` inachukua folda zote, hata zilizo tupu. `/R:1 /W:1` usiziache. Bila hizo, robocopy ikikutana na faili bovu itajaribu tena mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na utadhani kompyuta imekufa. `/XF` inaacha nje shotikati na hati za `.vbs` (mafaili ya amri zinazoendeshwa na Windows), ambazo kwenye flashi yenye virusi ndizo hubeba ugonjwa.

Usishtuke ukimaliza na folda ya `flashi1` isionekane. Robocopy ikinakili kutoka kwenye mzizi wa flashi (`E:\` yenyewe) huweza kuipa folda mpya alama za kufichwa. Irudishe hivi:

`attrib -h -s D:\akiba\flashi1`

Fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala, uone kama zinasomeka. Sasa unaweza kugusa flashi.

Namna ya kuandika amri ya kufuta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hasara nyingi hutoka kwenye mwandiko wa amri, wala si kwenye ugumu wa faili.

Kinachofutwa kwa `del` (ya mafaili) au `rd` (ya folda) hakipiti kwenye pipa la taka. Kimeondoka. Kwa hiyo kabla ya kila `del`, andika `dir`, amri ya kuorodhesha, yenye njia ile ile (yaani anwani ya faili, kama `E:\kazi`), usome orodha yote. Ukiridhika, bonyeza mshale wa juu amri irudi, kisha badilisha neno `dir` kuwa `del`. Kwa kuwa njia hukuiandika upya, hukupata nafasi ya kuikosea.

Andika njia nzima daima. Watu wamezoea kuingia kwenye folda kwa `cd` kisha kufuta humo humo. Kwenye dirisha la amri la Windows, ukiwa diski `C:` na ukaandika `cd E:\kazi`, huhami kwenda `E:`. Unabaki pale pale ulipokuwa. Kuhama kunahitaji `cd /d E:\kazi`. Ongezea kwamba dirisha likifunguliwa kwa haki za msimamizi (administrator) huanzia ndani ya `C:\Windows\System32`, moyoni mwa mfumo wenyewe. Mtu anayeandika `cd E:\kazi` halafu `del *` akidhani yuko kwenye flashi, anafuta mahali ambapo hakuna anayepaswa kufuta.

Njia yenye nafasi katikati iwekwe ndani ya alama za kunukuu. Tazama hii:

`rd /s /q E:\kazi zamani`

Aliyeiandika alitaka kuondoa folda inayoitwa "kazi zamani". Kompyuta inasoma majina mawili: `E:\kazi` na `zamani`. Itaifuta folda ya kazi yote, na kwa kuwa kuna `/q`, haitauliza kitu. Iliyo sahihi ni `rd /s /q "E:\kazi zamani"`. Ushauri wangu: usiandike `/q` mpaka uwe umeshaiendesha amri bila hiyo ukaona inachouliza. Kwa `del` tumia `/p`, inauliza faili kwa faili.

Halafu kuna nyota (`*`), inayosimama badala ya jina lolote. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii, mwanafunzi mmoja aliniomba nimwondolee matoleo ya zamani ya utafiti wake, yale ya `.doc`, nimwachie mapya ya `.docx`. Niliandika `del E:\utafiti\*.doc` nikabonyeza Enta. Yote yaliondoka, ya zamani na mapya. Sababu niliijua baadaye: Windows bado hutunza majina mafupi ya enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows: herufi nane, nukta, na herufi tatu. Faili la `SURA YA TATU.docx` kwenye flashi ya FAT32 (mfumo mmojawapo wa kupanga mafaili) lina jina la pili, kitu kama `SURAYA~1.DOC`, na ile nyota huangalia majina yote mawili. Nilikesha na programu ya PhotoRec nikirudisha vipande. Inarudisha yaliyomo lakini majina hapana, kwa hiyo nilifungua faili moja moja hadi alfajiri nikitafuta lipi ni sura ipi. Sura ya nne haikurudi nzima, na aliiandika upya. Kama ningeanza na `dir E:\utafiti\*.doc`, orodha ingenionyesha yale ya `.docx` yakiwa humo humo.

Kazi kama ile sasa naifanya kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows:

`Get-ChildItem E:\utafiti | Where-Object Extension -eq '.doc' | Remove-Item -WhatIf`

`-WhatIf` inakuonyesha kitakachofutwa bila kufuta. Ukiridhika, unaiondoa na kuendesha tena. Angalizo moja: dirisha la PowerShell na dirisha la `cmd` vinafanana kwa macho, ila amri kama `rd /s /q` hazifanyi kazi kwenye PowerShell. Amri nyingine zote humu, isipokuwa nitakapotaja PowerShell au Linux, ni za `cmd`.

Soma ujumbe kabla ya kuongeza nguvu

Jaribu kulifuta faili kwa njia ya kawaida, bila haki za msimamizi, ili usikie linavyokataa:

`del "E:\kazi\ripoti.docx"`

Maneno yanayorudi ndiyo yanayokuambia uende wapi. "Could Not Find", wakati unaliona kwa macho, mara nyingi ni faili lililofichwa au lenye jina la ajabu. "Being used by another process" maana yake kuna programu imelishikilia. "Access is denied" ni ujumbe wenye maana zaidi ya moja: faili linaweza kuwa na alama ya kusomwa tu, au ni mali ya akaunti nyingine. "The media is write protected" ni flashi yenyewe imefungwa. "Corrupted and unreadable" ni orodha ya flashi iliyoharibika.

Folda zilizogeuka shotikati

Hili ndilo tatizo nalokutana nalo kuliko yote, na ndilo linalofomatisha flashi nyingi bure. Kirusi cha aina hii huficha folda zako halisi kwa kuzipa alama za "iliyofichwa" na "ya mfumo", kisha huweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya shotikati, folda inafunguka kama kawaida, na nyuma yake hati ya kirusi inaendeshwa na kuingia kwenye kompyuta. Ukifuta shotikati, baada ya sekunde chache zinarudi. Hapo ndipo watu husema faili halifutiki. Linafutika vizuri, ila kuna kitu hai kwenye kompyuta kinachoziandika upya.

Kwa hiyo anza na kilicho hai. Vingi vya virusi hivi huendeshwa na programu ya Windows yenyewe inayoitwa wscript:

`tasklist | find /i "wscript"`

Ikionekana, isimamishe:

`taskkill /im wscript.exe /f`

Sasa tazama flashi na yote yaliyofichwa:

`dir /a E:\`

Kwa `/a` utaona folda zako halisi zipo, hazijaenda popote. Muite mwenye flashi aje aangalie kioo pamoja nawe, apumue. Kisha zirudishe:

`attrib -h -s -r E:\* /s /d`

Orodhesha shotikati, halafu zifute:

`dir /a E:\*.lnk`

`del /f /a E:\*.lnk`

`/f` inalazimisha faili lenye alama ya kusomwa tu. `/a` inaifanya `del` ione hata yaliyofichwa, maana bila hiyo utaambiwa faili halipo. Fanya vivyo hivyo kwa hati yenyewe, ambayo mara nyingi ni `.vbs`, `.vbe` au `.js` yenye jina usilolijua.

Wakati mwingine unakuta flashi ina folda moja tu isiyo na jina, na vitu vyote vimo ndani yake. Jina lake ni herufi isiyoonekana, na si rahisi kuiandika kwa kibodi. Liombe jina fupi:

`dir /a /x E:\`

Safu ya katikati itakuonyesha jina lenye alama ya `~` au herufi ngeni. Kwenye FAT32 jina hilo fupi linakubalika kwenye amri kama jina lolote. Ibadilishe jina kwanza kwa `ren`, mathalani iwe `vyote`, utoe yaliyomo, ndipo uifute. Flashi za exFAT, mfumo mwingine wa kupanga mafaili, hazina majina mafupi. Kwa hizo tumia Linux kama nitakavyoeleza chini.

Kompyuta nayo isafishwe, la sivyo flashi inayofuata itapata yale yale. Endesha kinga ya virusi, na uangalie pia hapa:

`dir /a "%appdata%\Microsoft\Windows\Start Menu\Programs\Startup"`

Hati ya `.vbs` iliyokaa humo bila mtu kuijua ndiyo inayoamka kila kompyuta inapowashwa. Ukiiacha, steshenari yako yenyewe ndiyo inayowagawia wateja ugonjwa, na hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko kufomati.

Faili lililoshikiliwa na programu

Microsoft Word imefungwa machoni lakini bado ipo nyuma. Kisoma PDF kimebaki na ukurasa. Au dirisha la mafaili lenyewe linatengeneza picha ndogo ya video unayotaka kuifuta. Kumjua anayeshikilia, andika `resmon`, nenda sehemu iliyoandikwa "CPU", tafuta kisanduku cha "Associated Handles", na uandike humo sehemu ya jina la faili. Itakutajia programu na namba yake.

Iombe kwanza iondoke kwa heshima:

`taskkill /im winword.exe`

Bila `/f`, Word inapata nafasi ya kuuliza kama kuna kazi ya kuhifadhi. Ukiweka `/f` inakatwa palepale, na kazi ya mtu ambayo haijahifadhiwa inakatika nayo. Kwenye kompyuta wanayotumia wengi, tembea uangalie dirisha lililofunguliwa kabla ya kukata.

Anayeshikilia akiwa ni dirisha la mafaili la Windows:

`taskkill /im explorer.exe /f`

Kioo kitabaki kitupu, dirisha la amri likiwa peke yake. Usiogope. Futa faili lako, kisha andika `start explorer.exe` na kila kitu kinarudi.

Ukishindwa kabisa kumjua mshikaji, washa kompyuta upya na ufute kabla ya kufungua chochote. Ni njia ya kizamani, lakini inafanya kazi mara nyingi sana.

Folda ya kompyuta ya zamani

Mtu ametoa diski kwenye kompyuta iliyokufa, ameiunganisha kwenye nyingine, na folda ya zamani inakataa kuguswa. Kwa mfumo wa NTFS kila faili lina mwenyewe, na mwenyewe ni akaunti iliyobaki kwenye kompyuta ile nyingine. Sasa ndipo unapohitaji haki za msimamizi: tafuta `cmd`, bofya kulia, chagua "Run as administrator". Kisha:

`takeown /f "D:\zamani" /r /d y`

`icacls "D:\zamani" /grant "%username%":F /t`

Ya kwanza inakufanya uwe mwenyewe, ya pili inakupa haki zote. Baada ya hapo `rd /s "D:\zamani"` itapita.

Naomba usizipeleke amri hizi mbili kwenye `C:\Windows` au `C:\Program Files`, hata kama umeziona mahali zikisifiwa. Ukishabadilisha umiliki wa mafaili ya mfumo, masasisho huanza kukwama na hakuna amri moja ya kurudisha yote yalivyokuwa. Tena, usipoteze muda kuzijaribu kwenye flashi ya FAT32 au exFAT. Mifumo hiyo haina habari za umiliki, kwa hiyo "Access is denied" ya flashi kama hiyo ina sababu nyingine.

Majina yanayokataliwa

Jaribu kuunda folda inayoitwa `con`. Windows itakataa. Tangu enzi za DOS, majina `CON`, `PRN`, `AUX`, `NUL`, `COM1` hadi `COM9` na `LPT1` hadi `LPT9` yametengwa kwa vifaa, kama printa na milango ya mawasiliano. Faili lenye jina hilo, na kwenye Windows za kabla ya 11 hata likiwa `aux.txt`, likija kutoka kwenye kompyuta ya Linux au ndani ya faili lililobanwa, halifutiki kwa njia ya kawaida. Yapo pia majina yanayoishia na nukta au nafasi, ambayo Windows huikata ile nukta kimyakimya kisha inalalamika kwamba faili halipo.

Dawa ni moja. Weka `\\?\` mbele ya njia nzima, na Windows italichukua jina kama lilivyo bila kulihariri:

`del "\\?\E:\kazi\aux.txt"`

`rd /s "\\?\E:\kazi\ripoti."`

Majina yenye mabano ya mraba, kama `[mwisho].docx`, yanaleta shida kwenye PowerShell, maana mabano hayo yana maana yake pale. Tumia `-LiteralPath`:

`Remove-Item -LiteralPath 'E:\kazi\[mwisho].docx' -WhatIf`

Kisha kuna njia ndefu mno. Kikomo cha kawaida cha Windows ni herufi 260 kwa njia nzima, na mtu aliyenakili folda ndani ya folda ndani ya folda huvuka hapo bila kujua. Robocopy inaweza kufika huko chini. Unda folda tupu, kisha iambie ile folda ndefu ifanane nayo:

`mkdir D:\tupu`

`robocopy D:\tupu "D:\folda ndefu" /MIR /L`

`/L` inaorodhesha tu. Soma kitakachoondoka. Ukiridhika, endesha tena bila `/L`, halafu ondoa folda zote mbili kwa `rd`. `/MIR` ni panga kali: chochote kilicho upande wa pili na hakipo upande wa kwanza kinafutwa. Hata mimi, ambaye naitumia mara kwa mara, sijawahi kuiendesha bila kupita kwenye `/L` kwanza.

Flashi iliyoharibika, na flashi iliyojifunga

Umeme ukikatika katikati ya kunakili, au mtu akichomoa flashi taa yake ikiwaka, orodha ya mafaili inabaki nusu. Matokeo yake ni mafaili yenye majina ya herufi za ajabu, mengine yakidai ukubwa kuliko flashi nzima. Hayafutiki kwa kuwa hayapo kweli. Ni orodha inayosema uongo. Nakili kila kinachosomeka, kisha fungua dirisha la msimamizi uangalie bila kurekebisha:

`chkdsk E:`

Ikitaja makosa, andika `chkdsk E: /f`. Vipande vilivyopoteza jina itavikusanya kwenye folda iliyofichwa inayoitwa `FOUND.000`, vikiwa na mwisho wa `.CHK`. Usiifute kabla ya kuangalia ndani, huenda kuna picha ya mtu. Na tafadhali usianze na `/f` kabla ya kunakili. Inatengeneza orodha ikae sawa, hata ikibidi kukata folda ambayo ungeweza kuiokoa.

Kadi ya SD ikisema imefungwa, tazama ubavuni: kuna swichi ndogo, isogeze. Flashi isiyo na swichi inaweza kuwa imewekewa alama ya kusomwa tu. Kwenye dirisha la msimamizi andika `diskpart`, kisha `list disk`, na uitambue flashi kwa ukubwa wake. Chagua, mathalani `select disk 2`, halafu `attributes disk clear readonly`, kisha `exit`. Ukikosea namba uko kwenye diski ya kompyuta, kwa hiyo nakushauri kuchomoa kila kifaa kingine cha nje kwanza. Neno `clean` usiliandike kabisa ndani ya diskpart. Kama baada ya hapo flashi bado inakataa, kumbukumbu yake pengine imechoka na kidhibiti chake kimeifunga ili angalau isomeke. Toa kilichomo, mwambie mwenyewe anunue nyingine.

Kwa Linux

Mimi huweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwenye flashi moja ya dukani, nikiwasha nayo kompyuta bila kusakinisha chochote. Majina kama `con` na `aux` si kitu kwake, shotikati za Windows haziendeshi chochote humo, na folda isiyo na jina unaibofya tu. Diski ya Windows ikifunguka kwa kusomwa tu, mara nyingi ni kwa sababu Windows haikuzima kabisa. Rudi Windows, andika `shutdown /s /t 0`, kisha ujaribu tena.

Futa kwa `rm -i`, ambayo inauliza. Faili linaloanza na kistari, kama `-ripoti.txt`, amri hulichukulia kama chaguo, kwa hiyo andika `rm -i -- -ripoti.txt`. Jina lisiloandikika, lipate kwa namba yake: `ls -li` inaonyesha namba mwanzoni mwa kila mstari, kisha

`find . -maxdepth 1 -inum 131075 -print`

Ikionyesha faili lile lile ulitakalo na hakuna jingine, badilisha `-print` iwe `-delete`. Usiibadilishe nafasi yake. `-delete` ikitangulia masharti, inafuta kabla ya kuchuja.

Ruhusa ya kufuta kwenye Linux haiko kwenye faili, iko kwenye folda inayolibeba, kwa hiyo angalia `ls -ld` ya folda. Kama hata `sudo`, inayoendesha amri kwa haki za msimamizi, inakataliwa, endesha `lsattr`; ukiona herufi `i`, faili limefungwa lisibadilishwe, na `sudo chattr -i` ndiyo inayolifungua. Jiulize kwanza nani aliliweka hivyo na kwa nini. Na ukifuta faili kubwa halafu nafasi isiongezeke, kuna programu bado inalishikilia. `sudo lsof | grep deleted` itakuonyesha ni ipi, na nafasi itarudi programu hiyo ikifungwa.

Yasiyofutwa kwa mkono

`hiberfil.sys`, faili la Windows la kulaza kompyuta (hibernate), ni kubwa, na watu wanaopungukiwa nafasi huivizia. Usiifute, andika `powercfg /h off` kwenye dirisha la msimamizi, Windows itaiondoa yenyewe. Folda ya `WinSxS`, iliyo ndani ya `C:\Windows`, iache. `System Volume Information` kwenye flashi ni ya Windows, haina madhara, na ukiifuta itarudi.

Kumaliza

Tazama tena `dir /a E:\`, utoe flashi kwa utaratibu, uiingize kwenye kompyuta ya pili ambayo unajua ni safi. Shotikati zikirudi baada ya kuirudisha kwenye ile ya kwanza, basi ugonjwa uko kwenye kompyuta. Mwenye flashi akae hapo hapo afungue kazi zake mwenyewe, maana yeye ndiye anayejua kipi kilikuwa kipi.

Ile nakala kwenye `D:\akiba` siifuti siku hiyo. Wa mjini nawapa wiki, wa Ukerewe nawapa mwezi, kwa sababu hawawezi kupanda meli kwa ajili ya faili moja. Mwenye flashi anapopiga simu kusema kila kitu kinafunguka, nafungua dirisha la amri, naandika `dir /a "D:\akiba\flashi1"`, nasoma orodha hadi chini. Kisha mshale wa juu, nabadilisha kuwa `rd /s "D:\akiba\flashi1"`, na inaponiuliza kama nina hakika, najibu `Y`.